Daktari wa Beijing aliyeniuliza kama nimefiwa

Haya, mambo vipi nyumbani! Ngoja nisogeze simu… mnaiona hiyo miti nyuma yangu? Ginkgo hiyo. Njano tupu, utadhani mtu kamwaga binzari barabara nzima. Mwaka jana msimu huuhuu nilikuwa napita hapa nikiangalia viatu vyangu.

Vuli ya huku msiichanganye na vuli yetu ya mvua. Hii ni kavu, midomo inapasuka. Na mchana unasinyaa: Juni una saa 15, Desemba unabaki saa 9 na dakika chache. Saa kumi na moja jioni haijagonga, jua limeshazama. Mtu wa Tabora, jua lako haliyumbi mwaka mzima, unaweza kuchanganyikiwa.

Nikashikwa na kikohozi wiki tatu, usingizi hakuna. Nikaenda kwa daktari wa tiba ya jadi ya Kichina, mama wa makamo. Akanishika mkono kwenye mshipa kwa vidole vitatu, kimya, kama anasikiliza redio ya jirani. Toa ulimi. Halafu akauliza, "Umefiwa?"

Jamani. Bibi yangu alifariki mwezi wa saba. Mazishi niliyaona kwenye simu, mtandao unakatakata, kesho yake nikaingia darasani. Chozi halikudondoka. Mwanaume bwana.

Kwenye tiba yao kila majira yana kiungo chake na hisia yake. Machipuo ni ini na hasira (na sisi si tunasema fulani kanikata maini? Tusiwacheke). Kiangazi ni moyo na furaha, baridi ni figo na hofu. Vuli ni mapafu na huzuni. Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, chenye miaka kama 2,000, kimevipa viungo hata sauti: sauti ya moyo ni kicheko, ya mapafu ni kilio. Vuli kinakwambia ulale mapema, uamke na kuku, utulize nia.

Dawa aliyonipa? Peasi! Unalipika kwa mvuke na sukari ya mawe mpaka lilainike, unakula na maji yake.

Siapi kwamba huzuni inakaa mapafuni. Pengine kikohozi kilikuwa hewa kavu tu. Na hata madaktari wa hospitali wanajua kuna watu mwanga ukipungua wanaporomoka kabisa; ukifika huko usikae na peasi, nenda ukaonwe. Ila kitabu hichohicho kinasema furaha huishinda huzuni, na hapo ndipo nilipowakumbuka watani. Sisi Wanyamwezi, msibani Mzaramo anakuja kumwiga marehemu, anazuia kaburi mpaka alipwe, wafiwa wanacheka na kamasi zinawatoka. Mimi kwenye simu sikupata hiyo.

Nikampigia mtani wetu mmoja Dar. Nikamwambia, msiba wangu hukunitania. Akaja juu: "Nyie si wapagazi? Mizigo ya dunia nzima mlibeba, bibi yenu mmetuachia sisi! Lete hela!" Halafu akaanza kumwiga bibi anavyodai chenji dukani, shilingi kwa shilingi.

Nilicheka. Kicheko kikageuka, nikalia, kwa sauti, kwenye benchi lile pale, na watu wanapiga picha za majani yao.

Betri inaisha, baridi inakula chaji. Nawahi sokoni, mapeasi yameshafika.