Wangazija kwenye Meza ya Waarabu

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji. Leo tuna swali la msikilizaji wetu: inakuwaje Komoro imo kwenye Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na wale ni Waswahili wenzetu?

SALIM: Swali hilo linanigusa, dada. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, kaishi Unguja. Usiku akifunga duka alihesabu pesa kwa sauti: moja, mbili, ndraru, nne, ntsanu. Sisi wajukuu tukimsahihisha, "Tatu, babu!" Kumbe ni Kikomori. Basi wenye lugha hiyo wanakaa meza moja na Saudia na Iraki tangu 1993.

MWANAIDI: Na hawako peke yao. Wanachama ni 22, na 10 wako Afrika. Misri ilikuwamo tangu siku ya kwanza, pale Kairo, Machi 1945. Wakafuata Libya, Sudan, Moroko, Tunisia na Algeria. Hao watu hawawaulizi.

SALIM: Wanauliza kuhusu wanne waliokuja nyuma: Mauritania 1973, Somalia 1974, Jibuti 1977, na Komoro. Itazame Somalia. Mwaka 1972 serikali ya Siad Barre iliamua Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, si za Kiarabu. Haikupita hata miaka miwili, ikaingia kwenye Jumuiya!

MWANAIDI: Kwa hiyo kinachoamua si lugha ya nyumbani.

SALIM: Wala si rangi. Mkataba unasema kila dola huru la Kiarabu lina haki ya kujiunga, lakini Mwarabu ni nani, haukueleza. Nchi inaomba, waliomo wanakubali, yamekwisha. Ni siasa, na dini na historia ya bahari zikiwa nyuma yake.

MWANAIDI: Mimi nauliza faida. Komoro imepata nini?

SALIM: Kuungwa mkono juu ya Maore, kile kisiwa cha nne wanachokiita Mayotte. Uhuru wa 1975 uliondoka na visiwa vitatu, Maore ikabaki kwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Watu wa Nzwani, kisiwa cha Komoro kilicho jirani, wanavuka usiku kwa mashua ndogo, kwasa-kwasa, kufuata hospitali, kazi, au jamaa zao. Wengi wamezama pale katikati. Nchi ndogo kama ile haiwezi kukabiliana na Ufaransa peke yake. Umoja wa Afrika unaitambua Maore kuwa ya Komoro, na Jumuiya ya Kiarabu vilevile.

MWANAIDI: Lakini Maore haijarudi, kaka. Maazimio yanaandikwa, na mashua zinaendelea kuzama.

SALIM: Haijarudi, kweli, na inaniuma. Ila bila meza hizo mbili, suala lenyewe lingeshazikwa.

MWANAIDI: Hapo tunakubaliana. Nami sipendi mtu anaposema wameukana Uafrika. Azali Assoumani wa Komoro ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika 2023. Na Somalia, Machi 2024, imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

SALIM: Na pale Barawa, pwani ya Somalia, wapo watu wanaosema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu.

MWANAIDI: Basi kama unatusikiliza na wewe ni wa Barawa, tutumie salamu kwa sauti yako, kwa Chimiini. Wiki ijayo tutaanza nayo.