Mama, Chupa na Barabara ya Jadotville

DÉDÉ: Tumerudi. Mlituandikia sana, na sisi kimya. Yaya, mkubwa wangu, sema mwenyewe.

FÉLI: Jumamosi tulimaliza kilio cha mama. Pale nyumbani, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, turubai kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa jirani wa tatu. Aksanti kwa wote mliokuja, mliotuma chochote, mliosali. Na nyinyi mlioacha sufuria: ziko kwa dada yangu. Njooni mzichukue kabla hajazizoea.

DÉDÉ: Moja ya mke wangu.

FÉLI: Ile yenye mfuniko wa sufuria nyingine?

DÉDÉ: Hiyohiyo.

FÉLI: Nilijua tu. [kicheko]

DÉDÉ: Haya. Leo tuna mpango, msituvuruge. Nimeandika karatasi kabisa. Maisha ya mama yake Féli, miaka 85, mafunzo matatu: la muziki, la safari, la familia. Dakika kumi kila moja, maana kuranti hakuna na mafuta ya jenereta ni ya nusu saa. Kwa hiyo yaya, tafadhali, usi...

FÉLI: Naanza na muziki.

DÉDÉ: Anza, lakini angalia saa.

FÉLI: Mama alikuwa mpiga chupa. Vijana mnaosikiliza, ule muziki wa gitaa wa zamani wa huku Katanga mnaujua, hata kama mnadhani hamuujui. Kuna gitaa moja kavu, halafu nyuma unasikia tik-tik-tiki, tik-tik-tiki. Hiyo si mashine, ni mtu ameketi na chupa tupu na msumari. Baba alipiga gitaa kwa vidole viwili kama wenzake wote wa wakati ule, kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinaimba juu. Alipiga vizuri, lakini alikuwa na haraka. Baba alikuwa na haraka hata kula. Mama alikuwa anamshika na chupa, anamrudisha. Alisema, "Gitaa ni la baba yenu, saa ni ya mimi."

DÉDÉ: Na kanisani?

FÉLI: Sauti ya pili, tangu msichana. Alikuwa anaijua Missa Katanga ya Joseph Kiwele yote, hata sehemu za wanaume, akawa anawasahihisha. Jumamosi kwaya ilimwimbia Kyrie yake. Vizuri sana. Sasa baada ya Kyrie ndipo balaa, kaka yangu wa Tenke akasimama kusoma wasifu.

DÉDÉ: Subiri, kwa wageni. Baba yao alikuwa mtu wa reli. Alianza ikiitwa BCK, ikawa KDL, ikawa SNCC, yeye yuko palepale, kila siku anahamishwa. Kila mtoto akazaliwa kwenye stesheni yake. Kuna wa Tenke, wa Luena, wa Mutshatsha. Yaya ni wa Kamina. Mdogo wa mwisho ni wa Dilolo, ndiyo sababu ana tabia za watu wa mpakani.

FÉLI: Mwache mtoto wa watu.

DÉDÉ: Ana miaka 50!

FÉLI: Basi. Kaka anasoma: amezaliwa, amebatizwa, ameolewa, watoto, wajukuu. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, kwa hiyo nafuata moyoni. Tunafika pale nilipoandika: "Mwaka 1952, akiwa na miaka 12, alikuwa barabarani Jadotville Hugh Tracey alipomkuta Mwenda Jean Bosco." Akairuka. Mtu mzima, na miwani yake, akapita juu yake kama dereva anayekwepa shimo.

DÉDÉ: Haa. Ndiyo tumeingia huko.

FÉLI: Wewe ulikuwa pale, ulimwona.

DÉDÉ: Nilimwona, na nilimpa heko moyoni. Tuwaeleze watu kwanza. Jadotville ndiyo Likasi ya leo. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika Kusini, alikuwa anazunguka na mashine zake za kurekodi. Mwaka 1952 akafika Jadotville, akamkuta Mwenda, kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Bunkeya, anapiga gitaa mtaani. Akamrekodi. Wimbo wake ule, Masanga, mpaka leo kuna Wazungu wanavunja vidole wakijaribu kuipiga. Mwaka 1969 Mwenda akapanda jukwaa la Newport, Marekani. Hayo yote ni kweli.

FÉLI: Basi?

DÉDÉ: Basi, yaya, kambo yangu naye, maana kwetu babu au bibi ni kambo, alikuwa barabarani siku ile.

FÉLI: Najua, alinisimulia.

DÉDÉ: Baba wa kinyozi wangu alikuwepo. Shemasi wa kwetu alikuwepo, amebebwa mgongoni. Mzee anayeuza makala, makaa ya kupikia, karibu na kwangu alikuwepo, na kadi yake ya uchaguzi inasema amezaliwa 1955! Barabara ile ilikuwa na watu kuliko uwanja wa Mazembe pale Kamalondo siku ya fainali. Mimi nauliza tu, Tracey alipita wapi na zile mashine?

FÉLI: [anacheka] Cheka. Lakini sikia mama alivyosimulia. Alitumwa na shangazi yake kununua mafuta ya taa. Akaona gari limesimama, Mzungu ameshuka, na kijana amevaa suruali ya pasi, laini kabisa, mpaka alikuwa anasema, "Suruali ile ungekata nayo mkate." Akasimama. Giza likaingia. Akarudi bila mafuta, bila pesa, akapigwa. Miaka 70 baadaye anakuonyesha mahali fimbo ilipopita. Mtu hatungi fimbo.

DÉDÉ: Fimbo naikubali. Ninachouliza ni sababu ya fimbo. Kwetu mtoto aliyepoteza pesa ya mafuta ya taa anatafuta jambo kubwa la kusema.

FÉLI: Ee, sasa unamwita mama mwongo, na sufuria ya mkeo iko kwetu.

DÉDÉ: Yaya! Sikusema mwongo. Kadi yake ya ubatizo umenionyesha mwenyewe: 1951, Élisabethville. Hapa mjini. Jadotville ni kilomita zaidi ya 100.

FÉLI: Na treni ilikuwepo, na shangazi alikuwepo. Mtoto wa kike alikuwa anatumwa kwa shangazi mwaka mzima bila kuandikwa popote. Nani aliandika safari za watoto wa kike?

DÉDÉ: Hilo ni kweli.

FÉLI: Aksanti.

DÉDÉ: Lakini halithibitishi kitu.

FÉLI: Halafu kuna Aspro.

DÉDÉ: Hapana. Aspro hapana.

FÉLI: Lazima. Mwenda alipokwenda Nairobi, aliimba tangazo la vidonge vya Aspro. Gitaa lilelile, sasa linauza dawa ya kichwa. Mama aliisikia redioni. Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa na dawa nyingine. Umeumwa tumbo, Aspro. Umepata sifuri ya hesabu, Aspro. Baba amerudi amelewa munkoyo uliolala, Aspro mbili na kelele. Na alikuwa hakupi mpaka aimbe kwanza.

DÉDÉ: Wakati wa kilio nilisema nina uchovu kidogo. Wajukuu watatu walinizunguka wakiimba.

FÉLI: Ukapona?

DÉDÉ: Nilikimbia.

FÉLI: Unaona inafanya kazi. Sasa niambie, mtu anayempenda mwimbaji hivyo, kwa suruali yake, kwa sauti yake, mpaka kwa vidonge vyake, anamjua kutoka wapi?

DÉDÉ: Kutoka redio, kama sisi wote! Dakika ngapi zimeenda? Kumi na saba. Tuko bado funzo la kwanza.

FÉLI: Funzo lingoje.

DÉDÉ: Sawa, lingoje, maana kuna kitu nataka kukuuliza, na si mchezo. Wiki hii mlifungua valizi ya mama, sanduku lake la nguo.

FÉLI: Dédé.

DÉDÉ: Uliniambia niulize chochote isipokuwa majina.

FÉLI: Uliza.

DÉDÉ: Chini ya vikwembe kulikuwa na picha. Mama yuko mstari wa mbele, kikwembe chenye uso wa Mobutu kifuani, mkono juu, nyuma yake wanawake wengi, na bendera za MPR, chama cha Mobutu. Kwa nyuma imeandikwa Kinshasa, 20 Mei. Kwa hiyo mama alicheza animasyo, zile ngoma za kumsifu Mobutu, na si hapa mtaani tu, walimpeleka mpaka Kinshasa. Huo ni muziki na ni safari, mafunzo mawili kwa picha moja! Uliiandika kwenye wasifu?

FÉLI: Sikuiandika.

DÉDÉ: Kwa nini?

FÉLI: Hakuwahi kuisimulia. Hata mara moja.

DÉDÉ: Sasa ndipo mimi na kaka yako wa Tenke tunaposimama pamoja. Jambo lenye ushahidi umeliacha ndani ya valizi. Jambo lisilo na ushahidi umetaka lisomwe mbele ya padri. Huyo si mama tena, ni mama uliyemchagua.

FÉLI: Si mimi niliyechagua. Yeye ndiye alichagua. Barabara ya Jadotville alitusimulia tukila, tukifua, tukisubiri treni. Ile picha aliiweka chini kabisa. Wewe unajua animasyo ilikuwa nini. Mume wako anafanya kazi kwenye shirika la serikali, unaitwa. Una mtoto mgongoni, unaitwa. Unacheza jua zima ukimwimbia mtu mmoja, na usipocheza mumeo anaulizwa kazini. Walichukua sauti yake hawakumwomba. Leo amekufa, mimi nichukue tena, niisome kwenye kipaza sauti?

DÉDÉ: Nimekusikia. Lakini angalia uso wake kwenye picha. Anacheka.

FÉLI: Mama alicheka hata kwa mng'oa meno.

DÉDÉ: Si kicheko cha woga kile, yaya. Nimekiangalia sana. Labda alipenda. Si chama, si Mobutu, ninasema jukwaa. Mwanamke wa Kenya, mpiga chupa, siku moja uwanja mzima unamtazama. Labda hiyo ndiyo siku kubwa ya muziki wake, na aliificha kwa sababu baadaye ilikuwa aibu kusema ulipenda. Na sisi tunamrudisha barabarani na chombo cha mafuta ya taa kwa sababu hadithi hiyo ni safi.

FÉLI: ...

DÉDÉ: Yaya?

FÉLI: Hiyo umeisema vibaya.

DÉDÉ: Nimeisema vibaya. Siiondoi.

FÉLI: Hata kama alipenda. Tuseme alipenda. Nani alikupa ruhusa ya kupenda kwa niaba yake? Wasifu si karatasi ya polisi, mtu aandike kila alipokamatwa na kila aliposhangilia. Ukienda nyumbani kwa mtu unaingia mlango aliokufungulia.

DÉDÉ: Na wajukuu? Mwanao wa kwanza tayari ameandika kwenye simu kwamba kambo yake alimwona Mwenda akirekodiwa. Kesho atatokea mwerevu mmoja wa intaneti, atauliza maswali yangu haya, na hatakuwa na huruma yangu.

FÉLI: Atamjibu, "Kambo alisema."

DÉDÉ: Hilo si jibu.

FÉLI: Kwetu ni jibu.

DÉDÉ: Kwako. Kaka yako ni wa kwenu pia.

FÉLI: Kaka yangu alilelewa na kambo Tenke mpaka miaka saba, hadithi nyingi zilimpita.

DÉDÉ: Unaona unavyomfukuza mtu? [kicheko] Yaya, hatutamaliza hili.

FÉLI: Hatutamaliza. Mimi wasifu wangu nitauchapisha upya, mstari wote, na nitampelekea nakala Tenke.

DÉDÉ: Mimi ningeandika "alikuwa anasimulia kwamba." Maneno matatu tu.

FÉLI: Maneno matatu hayo ndiyo yanamtoa barabarani.

DÉDÉ: Jenereta imeanza kukohoa. Safari! Funzo la pili, yaya, haraka, sema Kigoma.

FÉLI: Kigoma kwa nusu dakika? Basi: treni mpaka Kalemie, siku zinaongezeka njiani kwa sababu kichwa cha treni kimechoka, unapika pembeni ya reli, unamjua kila mtu wa behewa. Halafu meli, usiku, ziwa linakutupa. Alikwenda kuleta vitenge, akaviuza hapa, tukasoma sisi wote. Safari moja alirudi anataka tumwamkie shikamoo kama watoto wa Kigoma. Sisi watoto wa Lubumbashi! Tulicheka mpaka akatukimbiza na kijiko cha bukari. Wa Dilolo tu ndiye alimwamkia, alikuwa anataka biskuti.

DÉDÉ: Tabia za mpakani, nilisema. Na familia?

FÉLI: Watoto tisa, gitaa moja. Lilikuwa tatizo, na bado ni tatizo, wa Luena analishikilia mpaka leo. Hiyo ni kesi, si funzo.

DÉDÉ: Kwa hiyo mafunzo matatu...

FÉLI: Kunja karatasi yako.

DÉDÉ: Nimeikunja. Wiki ijayo tunaongea bei ya makala, kwa nini gunia linapungua na bei inapanda. Yule mzee wa 1955 amekubali kuja.

FÉLI: Mwulize suruali ya Mwenda ilikuwa rangi gani. Mama alisema kijivu.

DÉDÉ: Yaya, usimwambie shahidi jibu!

FÉLI: Na wewe, irudishe picha. Uliiweka ndani ya daftari lako Jumamosi, nilikuona.

DÉDÉ: Nilitaka kuipiga nakala, isipotee.

FÉLI: Irudishe kwanza, halafu uniombe.

DÉDÉ: Jamani, mafuta yamekwisha, kwaherini wote, na wasikilizaji wa Kitwe tuandikieni.

FÉLI: Dédé. Picha.