Msaada kwa Serikali Rafiki Inayokandamiza: Mhadhara Uliotolewa Kigoma

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazee wetu wa Ujiji, na vijana mliojitokeza jioni hii, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kwa kawaida hujadiliwa Brussels na Washington: nchi tajiri inapokuwa na serikali rafiki inayoipa fedha, kisha serikali hiyo ikaanza kufunga wapinzani, kufungia redio na kupiga risasi waandamanaji, je, fedha hizo ziendelee kutolewa? Naona mkoa huu una haki ya kulisemea jambo hili kuliko mikoa mingi, kwa kuwa wanaokimbia ukandamizaji wa majirani zetu hushukia hapa.

Mnaikumbuka Aprili 2015, chama tawala cha Burundi kilipompitisha Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Katika wiki chache makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kilichokuwa hakifikiki kwa gari wakati huo. Kipindupindu kikazuka. Liemba, meli ambayo Wajerumani waliileta kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitia nanga mbali na ufuko, na watu wakapelekwa kwa boti ndogo mpaka ubavuni mwake. Walipofika bandarini kwetu walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, ndipo wakachukuliwa kwenda kambi ya Nyarugusu.

Wafadhili walifanya nini? Machi 2016 Umoja wa Ulaya, ukitumia Ibara ya 96 ya Mkataba wa Cotonou, yaani mkataba wake wa ushirikiano na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, ulisitisha msaada uliokuwa ukienda moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, ambayo ilikuwa imetengewa kiasi cha euro milioni 430 kwa miaka ya 2014 hadi 2020. Misaada ya kibinadamu na ile iliyowagusa wananchi kupitia mikono mingine iliachwa iendelee. Hatua hiyo iliondolewa Februari 2022, baada ya Nkurunziza kufariki na Évariste Ndayishimiye kushika madaraka.

Lakini kulikuwa na mfereji mwingine wa fedha, na hapo ndipo urafiki ulipoonekana. Burundi ilikuwa na askari zaidi ya elfu tano Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na posho zao zililipwa na Ulaya: dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi. Fedha hizo zilipitia serikalini Bujumbura, nayo ilibakiza takribani dola 200 kwa kila mmoja kabla ya kulipa. Kwa maneno mengine, serikali ileile iliyonyimwa msaada mchana kwa sababu ya ukandamizaji iliendelea kukusanya fedha za kigeni kwa sababu ilikuwa na manufaa vitani. Ulaya ilipotaka kuukwepa mkono wa serikali, askari walikaa miezi bila posho na Burundi ikatishia kuwaondoa wote. Mwanzoni mwa 2017 ikakubalika kwamba posho zipitie benki ya biashara. Mimi nauona mfano huu kuwa wa thamani kuliko hotuba nyingi za haki za binadamu, kwa sababu unatuonyesha pa kuangalia: fedha inapita mkononi mwa nani, na mkono huo unafanya nini kingine.

Tusidhani kwamba kubana ni kazi ya Wazungu peke yao, kwani hata sisi tumewahi kubana. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi tarehe 25 Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha kabla mwezi haujaisha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Bandari yetu ilikuwa njia kuu ya mizigo ya Bujumbura, inayofika kwa reli kutoka Dar es Salaam na kuvuka ziwa, kwa hiyo vikwazo hivyo vilitekelezwa hapa zaidi ya mahali pengine. Madai yalikuwa bayana: bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe, mazungumzo yaanze. Mwezi Septemba Buyoya alirudisha bunge na kuruhusu vyama. Vikwazo havikulegezwa. Ikafika 1997 ndipo vyakula, dawa na vifaa vya shule vikaachiwa kwa upana, na vikwazo vyenyewe vikasimamishwa Januari 1999. Katika miaka hiyo mafuta na bidhaa nyingine ziliendelea kuingia kwa magendo, na wenye faida katika magendo ya namna hiyo huwa ni wenye uhusiano na walioko madarakani. Siwezi kusema vikwazo havikuzaa kitu, maana pande nyingi zilikaa mezani Arusha mwaka 1998 na makubaliano yakatiwa saini mwaka 2000. Ninachosema ni kwamba adhabu inayowabana wote kwa usawa huwaumiza kwanza wasio na madaraka, na ukimtaka mtu atimize jambo, akalitimiza, kisha usimpunguzie chochote, hana sababu ya kutimiza la pili.

Sasa niligeukie neno urafiki, kwa sababu ndilo linaloharibu hesabu yote. Burundi ya mwaka 1972 iliua raia wake kwa makumi ya maelfu, na wengi wa waliokimbia wakaja kuishi katika makazi ya wakimbizi ya hapa nchini, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Marekani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Burundi, na iliendelea kuinunua. Miaka sita baadaye Bunge la Marekani lilipiga marufuku bidhaa za Uganda ya Idi Amin, kahawa ikiwa ndiyo hasa iliyolengwa. Ng'ambo ya ziwa hili Mobutu aliitawala Zaire kwa mkono wa chuma akiwa kipenzi cha Washington kwa sababu ya vita baridi. Mauaji ya wanafunzi Lubumbashi mwaka 1990 ndiyo yaliyoifanya Ubelgiji isitishe msaada wake, na kufikia hapo vita baridi ilikuwa inakwisha na thamani ya Mobutu imeshashuka.

Si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Marekani ya misaada ya nje ya mwaka 1961, kwa vifungu vilivyoongezwa miaka ya 1970, inakataza kuzipa msaada serikali zinazokiuka haki za binadamu kwa kiwango kikubwa na kwa mfululizo, isipokuwa msaada unaowafikia wahitaji wenyewe. Naona kuacha nafasi hiyo ni jambo la busara. Kasoro imo katika utekelezaji. Misri hupata dola bilioni 1.3 za kijeshi kila mwaka. Agosti 2013 vikosi vyake viliua watu wasiopungua 817 katika uwanja wa Rabaa, kwa hesabu ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch. Oktoba sehemu ya silaha ikazuiwa. Machi 2015 ikaachiwa. Mwaka mmoja tu baadaye, Machi 2016, shirika la serikali ya Marekani la Changamoto za Milenia liliinyima Tanzania mradi wa umeme wa dola milioni 472, likitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Sipingi kwamba masharti yalijulikana mapema. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida akiziweka tarehe hizo mbili pamoja ataona kwamba mwenye bunduki alisamehewa na mwenye kusubiri nguzo ya umeme akaadhibiwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Silaha, mafunzo ya polisi na fedha zinazoingia Hazina ya serikali bila kufuatiliwa zikatwe mara moja, hata kama serikali hiyo ni rafiki na ina askari Somalia. Dawa, chakula na shule ziachwe, lakini kwa jicho kali, kwa sababu kuupitisha msaada wilayani hakuutakasi. Ethiopia ilipokandamiza wapinzani baada ya uchaguzi wa 2005, wafadhili walisitisha msaada wa bajeti na mwaka uliofuata wakaanza kugharimia huduma za msingi kupitia halmashauri. Walimu na wauguzi walilipwa. Halmashauri zenyewe, baada ya uchaguzi wa mitaa wa 2008, zilikuwa karibu zote mikononi mwa chama tawala kilekile.

Na jambo la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Fedha iliyozuiwa Bujumbura haikufuata watu waliokimbia Bujumbura. Mwaka 2017, huku fedha za Ulaya zikiwa bado zimezuiwa, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo katika kambi za mkoa huu hadi asilimia 62 ya kiwango kamili, kwa kukosa michango. Napendekeza kila uamuzi wa kusitisha msaada kwa sababu ya ukandamizaji uandikwe pamoja na kifungu kinachoelekeza sehemu ya fedha hizo kwa wakimbizi na kwa wilaya zinazowapokea, visima, zahanati na miti ya kuni ikiwemo, ili Kasulu, Kibondo na Kakonko zisiendelee kulipia uamuzi ambao hazikushirikishwa. Nipo tayari kwa maswali.