Maskini wa Kiingereza Waliandikwa Wapi? Nawatafuta Vibarua wa Dorset

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu wote mambo vipi. Karibuni tena. Naongea nanyi kutoka Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, na leo nataka tuzungumze habari za ukoo, lakini ukoo wa huku. Wanangu wameanza kuuliza: upande wa baba yetu walikuwa akina nani? Nimeshika kazi hiyo na imenikolea.

Sisi tumekua tukisikia kwamba Mwingereza wa zamani alikuwa bwana DC, mmisionari au mwenye shamba. Basi kwa baba mkwe wangu hakuna hata mmoja wa aina hiyo. Ni vibarua wa mashamba, baba kwa mwana kwa mjukuu. Ardhi hawakuwa nayo. Nyumba mara nyingi ilikuwa ya mwajiri, kwa hiyo mtu akifukuzwa kazi, na paa limeondoka. Ukifungua sensa ya 1841 ya kijiji cha huku unakuta safu ya kazi imejaa kifupisho kimoja tu, Ag Lab, yaani kibarua wa kilimo, kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Mara ya kwanza inachosha macho. Ukishajua kwamba kila mstari ni mtu aliyeamka alfajiri kulima shamba la mwenzake, unaanza kusoma polepole.

Wengi wenu mmeniandikia kwamba mna wenza au wajukuu wenye damu ya huku, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Anza na walio hai. Muulize mkwe wako majina, tarehe na vijiji, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Sensa hufungwa miaka 100, kwa hiyo ya karibuni kabisa iliyo wazi ni ya 1921. Ya 1931 msiisubiri, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Kurudi nyuma, ya 1851 ni nzuri sana kwa sababu inataja parokia mtu alikozaliwa na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Ile ya 1841 haisemi hayo, na umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, kwa hiyo mtu wa miaka 39 anaandikwa 35. Usimkatae babu yako kwa tofauti ya miaka minne.

Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Julai 1, 1837. Kabla ya hapo unategemea kanisa. Madaftari ya parokia yaliamriwa mwaka 1538, ingawa mengi ya mwanzo yamepotea. Kuanzia 1813 fomu za ubatizo zilichapishwa zikiwa na nafasi ya kazi ya baba, na za mazishi zikawa na umri na makazi. Kuanzia 1754 wanandoa walitakiwa kutia sahihi daftarini. Nimekaa mbele ya ukurasa mmoja wa ndoa: bwana harusi ameweka alama ya X, bibi harusi ameweka X, na shahidi mmoja naye X. Ile ya bibi harusi wino umemwagika kidogo pembeni, na mstari wa pili umeanza juu sana, kama mkono ambao haujawahi kushika kalamu. Huenda ni alama pekee aliyoiacha kwa mkono wake duniani. Niliitazama muda mrefu.

Jihadharini na majina yanayofanana. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na wanaume wawili wa jina moja na umri mmoja, na mtandaoni watu wanachukua yeyote wanayemkuta. Mkishapata ubatizo, tafuteni na mazishi. Kama mtoto yule alizikwa akiwa na miaka miwili, hawezi kuwa babu yenu, hata kama jina limekaa sawasawa.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka mlishike. Kibarua hakuandika wosia, kwa kawaida hakuwa na cha kurithisha. Aliandikwa kwa kirefu pale alipogeuka mzigo. Chini ya sheria ya maskini ya 1601 kila parokia ililisha maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na sheria ya 1662 ikaweka utaratibu wa kumrudisha mtu kwenye parokia ambako ndiko kwao kisheria. Kwa hiyo mtu akiishiwa, au ikionekana ataishiwa, anaitwa mbele ya mahakimu wawili na kuhojiwa: ulizaliwa wapi, uliajiriwa na nani, kwa muda gani, umeoa wapi, una watoto wangapi. Kijana asiye na mke wala mtoto akitumikia mwaka mzima kwa mkataba, alipata haki ya kuhesabiwa wa parokia ile. Basi wakulima wengine wakawa wanaajiri kwa wiki 51. Wiki moja tu inamnyima mtu kwao! Hilo limeniuma, nami nimeona mambo ya mikataba huku na huko nyumbani.

Mahojiano hayo ni dhahabu. Karatasi moja inaweza kukupa maisha ya mtu miaka 30, karibu kwa kinywa chake. Na hesabu za wasimamizi wa maskini zinataja viatu, shati, mkate, jeneza, kila kimoja na shilingi na peni zake.

Msidhani walikaa kimya. Mwaka 1830, kuanzia kaunti ya Kent, vibarua walivunja mashine za kupura ngano zilizowanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Watu 19 walinyongwa na karibu 500 wakapelekwa Australia kama wafungwa. Miaka minne baadaye, hapa hapa Dorset, wanaume sita wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa miaka saba uhamishoni kwa kula kiapo cha siri walipounda chama chao cha wafanyakazi. Mshahara wao ulikuwa umeshushwa hadi shilingi saba kwa wiki na walitishiwa sita. Watu walipiga kelele nchi nzima, wakasamehewa mwaka 1836. Watano kati yao baadaye walihamia Kanada. Wa sita, James Hammett, alibaki, akafia katika nyumba ya maskini (workhouse), yaani makao ya wasiojiweza, ya Dorchester mwaka 1891. Kama mtu aliyetetewa na taifa zima aliishia huko, basi madaftari ya nyumba hizo msiyaruke mnapomtafuta mzee wenu aliyetoweka kwenye sensa.

Mimi kwa sasa namtafuta mama mmoja wa miaka ya 1820. Katika ubatizo wa mwanawe nafasi ya baba imeachwa wazi. Parokia haikupenda kulea mtoto ambaye baba yake angeweza kulipa, kwa hiyo mara nyingi mama alihojiwa, na aliyetajwa akafungwa kwa maandishi kutoa matunzo. Karatasi hizo, kama zimesalia, ziko kwenye kumbukumbu za kaunti pale Dorchester. Nimeshaomba sanduku la parokia ile, na wiki ijayo nakwenda kulifungua. Nikiruhusiwa kupiga picha, mtaona kila ukurasa.