Dau la Jiwe

KOMBO: Anza na gauni.

ZUHURA: Gauni liache. Limefuliwa, limeanikwa, bado ukilikung'uta linatoa vumbi.

KOMBO: Wasikilizaji, harusi ya shemeji yake ilikuwa Kimana. Mtu mzima, anajua gari litakatiza Amboseli, kavaa jeupe!

ZUHURA: Tulipitia Namanga, tukaingia kwenye Ziwa Amboseli lenyewe, maana likikauka gari linapita. Mbele unaona maji yanametameta, nyumbu wamesimama ndani. Ukifika, pakavu. Mazigazi matupu. Mara kikazuka chamchela, kile kimbunga kidogo cha vumbi, moja kwa moja dirishani kwangu. Na lile vumbi si kama mchanga wetu wa pwani. Ni laini kama poda, na mdomoni linaonja magadi.

KOMBO: Magadi yametoka wapi?

ZUHURA: Maji yanaingia pale, hayana pa kutokea. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani yalikuwa yakielekea upande wa mto Pangani, lava ya Kilimanjaro ikaziba njia, pakawa ziwa. Jua likayanywa, chumvi ikabaki. Hadi leo mvua ikizidi, maji yanatanda, halafu yanakauka tena. Sasa, nimeandika mambo matatu ya kuj...

KOMBO: Kabla hujasoma, lile jiwe la mzee.

ZUHURA: Ah! Pale harusini mzee mmoja alikuwa na kiko cha jiwe, cheupe kilichoiva rangi ya asali kwa moshi. Kilichongwa Arusha. Jiwe lilichimbwa Sinya, upande wa Tanzania, bonde hilihili la Amboseli. Nikaambiwa likiwa kavu linaelea majini.

KOMBO: Jiwe?

ZUHURA: Jiwe.

KOMBO: Basi mimi naacha mbao. Naagiza dau la jiwe.

ZUHURA: Lina vitundu vidogo mno, vimejaa hewa. Likilowa, linazama.

KOMBO: Kwa hiyo dau langu lisiguse maji.

ZUHURA: Kombo...

KOMBO: Nauliza tu. Mafundi wa Lamu watalitia kalafati au saruji? Na tanga je, tanga la kokoto?

ZUHURA: Unataka kujua linavyotokea au hutaki?

KOMBO: Nahodha anasikiliza.

ZUHURA: Mawe ya volkano yakilika, maji yanabeba magnesiamu na silika hadi bondeni. Maji yakikauka, vile viwili vinashikana, linazaliwa udongo mweupe mwepesi. Kwa hiyo lile jiwe ni kumbukumbu: linakuambia maji yalikuwaje, na ukame ulifika wapi. Ndiyo maana mimi ningeacha yaliyobaki yasichimbwe.

KOMBO: Hapo sasa sikubali. Kijana wa Sinya ale kumbukumbu?

ZUHURA: Tabaka likishavurugwa, hakuna wa kulipanga upya.

KOMBO: Wachukue sampuli, waziweke makumbusho, wengine wachimbe.

ZUHURA: Sampuli haikuonyeshi kilicholala juu yake na chini yake, bonde zima.

KOMBO: Na wewe ulikuwa unakishikashika kiko cha mzee, unakisifu! Kilichimbwa na nani?

ZUHURA: Kilichimbwa zamani.

KOMBO: Kwa hiyo wa zamani walikuwa na haki, wa leo hawana?

ZUHURA: Sijasema hivyo.

KOMBO: Umesema.

ZUHURA: Tuendelee.

KOMBO: Tuendelee, lakini msimamo wangu ni uleule.

ZUHURA: Na wangu pia. Haya, naona tunaonyeshwa saa. Yale mambo matatu...

KOMBO: Hayatoshi. Soma moja.

ZUHURA: La chemchemi, basi. Tembo wanapata kinamasi cha Enkongo Narok kando ya vumbi lote lile kwa sababu maji ya Kilimanjaro yanapenya kwenye lava, yanapita chini kwa chini, yanaibukia pale.

KOMBO: Theluji ikiyeyuka.

ZUHURA: Hapana, sehemu kubwa ni mvua ya msituni. Theluji mchango wake mdogo.

KOMBO: Mimi nimesoma shule, ni theluji.

ZUHURA: Kombo, msitu ule ukikatwa ndipo uta...

KOMBO: Muda umekwisha, dada. Alhamisi ijayo, inshallah.