Kinyume na nomino za vitenzi vya Kiingereza: mhadhara kwa walimu wa darasa la saba

Ndugu walimu, maswali haya tunayajua sote kutoka mtihani wa PLE, ule wa Kiingereza wa kumaliza shule ya msingi Uganda. Kitenzi kimepigiwa mstari, mtahiniwa aandike kinyume chake. Au kitenzi kimetolewa, akigeuze kiingie kwenye pengo la sentensi. Na sote tumezoea kumpa mtoto orodha ya viambishi, un-, dis-, mis-, akariri. Orodha hiyo ndiyo inayomponza.

Kinyume hakitafutwi kwenye kitenzi peke yake, kinatafutwa kwenye sentensi. Chukueni lose. Kwa timu iliyofungwa, kinyume ni win. Kwa aliyepoteza ufunguo ni find. Kwa aliyepungua kilo ni gain. Vivyo hivyo catch: ukiwahi basi la Jinja, kinyume ni miss; ukidaka mpira, ni drop. Basi mtoto asome sentensi hadi nukta, ajue nani anatenda na nini kinatendwa, ndipo achague. Kisha aangalie wakati. Kinyume cha arrived ni departed, si depart. Cha remembers ni forgets, na ile s isisahaulike. Huku ndiko anakoanguka mtoto aliyejua jibu.

Sasa un-. Kwenye vitenzi hufanya kazi ile ya funga na fungua, kunja na kunjua: hutengua jambo lililokwisha kutendwa. Kwa hiyo tie, lock, pack, fold na load huipokea, lakini sleep haiipokei, kwa kuwa usingizi hautenguliwi, una wake up yake. Dis- huenda na appear, agree, obey, connect. Mis- iondoeni kabisa kwenye orodha ya vinyume: misunderstand ni kuelewa vibaya.

Lend na borrow zinahitaji kipindi kizima. Kuazima kwetu huenda pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, ndiyo maana darasani husikika "borrow me your pen". Fundisheni mwelekeo: lend kitu kinatoka kwangu, borrow kinakuja kwangu. Na kuna vitenzi visivyo na kinyume, kama cough. Kuongeza not ni kukanusha tu, hakuzai kinyume.

Kwenye nomino, mkia wa kitenzi husema mengi. Chenye -ate mara nyingi huacha e na kupata -ion: educate, education. Chenye -de mara nyingi huwa -sion: decide, decision, divide, division. -mit mara nyingi huwa -mission: permit, permission. -ceive huwa -ception: receive, reception, ingawa receive ina receipt pia, karatasi ya dukani, na sentensi ndiyo itakayoamua. -ify huwa -ification.

Ugumu uko kwenye herufi zinazodondoka au kuongezeka. Pronounce huacha o, ikawa pronunciation. Explain huacha i: explanation. Argue huacha e: argument. Occur huongeza r: occurrence. Judgement na judgment zote ni sahihi, msimkate mtoto. Arrive, refuse, bury na deny huchukua -al: arrival, refusal, burial, denial. Fail na depart huchukua -ure. Vinavyobadilika tumboni havina njia ila kukaririwa: choose, choice, lose, loss, sell, sale, die, death, steal, theft. Advise na advice hutofautiana kwa herufi moja, na sauti pia.

Kabla ya kuandika, mtoto aulize: pengo linataka mtu au tendo? Employ ina employer anayeajiri, employee anayeajiriwa, na employment yenyewe. Apply ina applicant na application. The au his ikitangulia pengo, huenda nomino inatakiwa, ila atazame mbele pia, maana baada ya the huweza kukaa kivumishi. Umbo la -ing liwe la mwisho, pale kitenzi kisipokuwa na nomino nyingine inayofaa.

Dis- haigusi mkia: appearance huwa disappearance, agreement huwa disagreement, obedience huwa disobedience. Kinyume cha aina nyingine huja na nomino yake: success ya succeed, failure ya fail. Vitenzi vya un- vingi havina nomino zaidi ya -ing, kwa hiyo mnapotunga mazoezi msiulize nomino ya untie.