Kura tatu za Washington na kliniki zetu za Mtwara

Wazee wangu shikamooni, kina mama na vijana habari za jioni. Mtwara kuchele!

Tarehe 24 Julai 2025 Rais Donald Trump alisaini sheria iliyofuta takribani dola bilioni 9. Kama bilioni 8 zilikuwa za misaada ya nje na mashirika ya kimataifa; bilioni 1.1 zilikuwa za redio na televisheni za umma za kwao. Fedha hizo Bunge lao lilikuwa limeshaziidhinisha, na hapo ndipo pa kutia akili. Sheria yao ya mwaka 1974 inamruhusu Rais kuliomba Bunge lifute fedha ambazo hazijatumika, na ombi la namna hiyo Seneti hulipitisha kwa wingi wa kawaida, bila zile kura 60 za kufunga mjadala. Huko Seneti lilipita kwa 51 dhidi ya 48. Baraza la Wawakilishi, 216 kwa 213. Kura tatu tu, ndugu zangu.

Tuseme kweli: dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa Marekani wa UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, zilikuwemo kwenye ombi hilo, lakini Seneti ilizinusuru. Anayepita mitaani akisema dawa zimefutwa anawatisha wagonjwa, na mgonjwa akitishika huacha dozi. Pigo la mapema zaidi lilikuwa agizo la Trump la Januari 20 mwaka huo lililosimamisha misaada, kisha USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa Julai 1.

Dawa zinaweza kuwepo kabatini na huduma ikafa. Mtoto wa mama mwenye VVU, akiwa na wiki kama sita, hutobolewa kisigino ili apimwe VVU. Matone ya damu hudondoshewa kwenye karatasi maalumu, hukaushwa, kisha karatasi husafirishwa hadi maabara na majibu yasubiriwe. Mama asiporudi CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU, lazima awepo MVIU mshauri (mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake) wa kumfuata nyumbani, na msimu wa korosho mama hayupo nyumbani, yuko shambani anaokota. Nauli, posho, mafuta ya pikipiki: vitu hivi vidogo ndivyo tulivyozoea kuwaachia wafadhili, na ndivyo vinavyokatika kwanza.

Sisi wa Kusini tunalijua jambo hili la fedha zilizokwishapangwa kuondolewa kwa kura. Mwaka 2018 Bunge letu lilibadili sheria, na ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kwenye zao, ikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga kweli kweli, wakashindwa. Lakini Dodoma angalau tuna wabunge wa kupinga. Washington hatuna hata mjumbe wa nyumba kumi.

Bajeti ya 2025/26 ilileta tozo za kuchangia Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Mimi naziunga mkono, ingawa asilimia 15 ya bajeti kwa afya, waliyoahidi viongozi wa Afrika kule Abuja mwaka 2001, bado tuko mbali nayo.

Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mazao. Kabla madiwani hawajakaa kupitisha bajeti, mfuateni diwani wako mumuulize: nauli ya sampuli za watoto na posho ya WAVIU washauri ziko kifungu gani, shilingi ngapi, na zinatoka mapato ya ndani au kwa mfadhili? Akijibu ni kwa mfadhili, mwambieni azihamishie mapato ya ndani kabla ya Julai.